Simu mpya imempindua nani?

Kijana wa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, mashariki mwa Kongo, aliyetaka kuniuzia simu wiki iliyopita hakungoja hata tumalize salamu. "Papa, hii ni ya mwisho-mwisho. Iko na kamera ine mugongo, iko na akili ndani. Ile yako ilishakufa, ni vile tu haiyajua." Nilicheka, kwa kuwa hakuwa mbali na ukweli. Simu yangu inaingia mwaka wa sita, kioo chake kina ufa kutoka kona hadi kona, na betri huniaga kabla jua halijazama upande wa Sake. Nikamuuliza hiyo ya kwake inafanya kitu gani ambacho yangu haifanyi. Akafikiri kidogo, akaiwasha, akapiga picha ya lundo la viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, ng'ambo ya barabara, kisha akaikuza picha mpaka nikasoma namba iliyochongwa kwenye soli. Hapo akatamka neno ambalo kampuni hulilipia matangazo ya mamilioni: mapinduzi.

Sikununua. Neno lenyewe lakini lilinifuata mpaka nyumbani.

Kiswahili kililitoa neno hilo kwenye kupindua, na kupindua ni kazi ya mikono. Chapati hupinduliwa kwenye kikaango. Mtumbwi hupinduka ziwani, na ukipinduka hakuna abiria anayebisha kama kweli umepinduka. Serikali nayo hupinduliwa. Wafaransa wana maneno mawili, moja la wanajeshi wanaoteka redio alfajiri na jingine la umma unaogeuza maisha yake. Sisi tunalo moja kwa yote mawili, na katika nchi iliyoamkia habari za Novemba 1965 na Mei 1997, mtu halitamki bila kwanza kuangalia mlango. Kwa hiyo nikiambiwa kifaa fulani ni mapinduzi, nina swali la kawaida sana: nani alikuwa juu, na sasa yuko chini? Nani alikuwa amekaa mlangoni tukimpigia hodi, na leo tunapita bila kumtafuta?

Chukua mwaka 2007. Tarehe 9 Januari, kule San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani na simu isiyo na vitufe, akaiita ya kimapinduzi, na dunia ikaitika papo hapo. iPhone ilipofika madukani mwezi Juni, ile ya bei ya chini iliuzwa dola 499. Kati ya hotuba na duka, mwezi Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Hapakuwa na kifaa cha kuinua juu ili watu wapige makofi. Huduma ilikaa ndani ya laini na kusafiri kwa ujumbe mfupi, teknolojia iliyokwisha kufikisha miaka karibu 15, maana ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulitumwa Uingereza Desemba 1992. Mhandisi akifungua M-Pesa ya siku zile hakuti kitu cha kumshangaza. Muuza samaki wa Kituku, soko letu la kando ya ziwa, anaona jambo jingine kabisa, na ili tulione tulivyopaswa kuliona, inabidi tukumbuke fonia.

Wenye umri wangu wanaikumbuka. Kabla ya minara ya simu, yaani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu wa Goma mwenye neno la kumwambia ndugu yake wa Bukavu, Butembo au Kindu alikwenda kwenye chumba chenye redio, betri ya gari chini ya meza na waya mrefu uliotandazwa juu ya paa kati ya miti miwili. Mwenye fonia aliandika jina lako kwenye daftari. Uliambiwa urudi kesho saa nne, kwa sababu kule upande wa pili lazima kwanza mtoto atumwe kumwita huyo ndugu. Kesho ulikuta benchi limejaa. Zamu yako ikifika ulitangaza mambo ya nyumba yako kwa sauti ya kushindana na upepo, ukisikilizwa na mwenye fonia, na benchi zima, na kila mwenye redio kati ya hapa na Kindu: nani amejifungua, nani amekufa, nani bado anadaiwa mahari. Pesa nazo zilipita njia hiyohiyo. Ulitoa dola zako kwenye kaunta ya mfanyabiashara, akakata asilimia yake, akasema namba ya siri redioni kwa maneno ya kuzungukazunguka, na mwenzake wa upande wa pili akamlipa mama yako, kama fedha zilikuwepo, kama hakuwa amekwenda matangani, kama mvua na radi viliruhusu redio kusikika.

Kutuma pesa mbali bila kubeba noti, basi, hakukuanza na simu. Mtu anaweza kunijia na hoja kwamba M-Pesa, iliyoingia Kongo kupitia Vodacom mwishoni mwa 2012, ni fonia iliyobadilisha koti. Kwa upande wa ufundi sina ubishi naye. Ninachomuuliza ni hiki: mwenye fonia yuko wapi? Alikuwa mtu mkubwa mtaani. Watu walimnunulia bia ili majina yao yapande kwenye daftari. Leo mwanamke anayenunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, Kituku alfajiri anamlipa mvuvi wa Idjwi akiwa amesimama majini, bila kumwomba mtu zamu, wala benchi zima halijui amenunua za kiasi gani. Tuseme ukweli, mara nyingine hata mume hajui, na nimesikia wanawake zaidi ya mmoja wakisema hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda.

Ukipima kwa kipimo hiki, orodha ya mambo makubwa inakuwa ya ajabu kidogo. Kwenye orodha yangu tochi inakaa juu ya kamera. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikauzwa zaidi ya vipande milioni 250, na sifa zake ukizisoma leo ni za kuonea aibu: haina rangi, haina kamera, haina intaneti. Vitufe vyake lakini vilifunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi, na kichwani ilikuwa na taa. Aliyeishi Goma baada ya lava ya Januari 2002, wakati vumbi jeusi liliingia mpaka kwenye chumvi, hahitaji kuelezwa maana ya vitufe hivyo. Na aliyewahi kurudi Majengo usiku, umeme umekatika, akikanyaga mawe ya volkano yenye makali ya chupa iliyovunjika, anajua taa ile ilikuwa na kazi gani. Huko Finland ilikuwa nyongeza ndogo kwenye simu ya bei rahisi. Hapa ilimpunguzia kijana wa kona yenye giza nusu ya nguvu zake.

Au chukua laini mbili. Sisi ni watu wa mpaka. Mtu anaamka Mabanga, anauza Gisenyi, upande wa Rwanda, anarudi kulala Mabanga. Zamani alitembea na simu mbili, au na simu moja na laini ya pili imefungwa ndani ya leso, na kila akivuka Petite Barrière anasimama pembeni, anatoa betri, anabadilisha, anaomba Mungu kile kipande kisidondoke mchangani. Kampuni kubwa za wakati ule zilichelewa kuliona hilo, labda kwa kuwa wakubwa wao hawakuwahi kuuza nyanya katika nchi mbili kwa siku moja. Transsion ya China, iliyoanzishwa 2006, iliona. Ikaleta Tecno na Itel zenye nafasi mbili za laini kwa bei tunayoiweza, na meza za Birere zinaonyesha mpaka leo nani alishinda.

Sasa tazama kinachoitwa kipya siku hizi. Septemba 2023 Apple iliipa iPhone tundu la kuchajia la USB-C na kulitangaza kwa fahari. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuamuru kwa sheria kwamba simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo ifikapo mwisho wa 2024, na simu nyingi za bei ya kati zilikuwa nalo miaka kadhaa nyuma. Septemba 2025 ikaja iPhone nyembamba ya milimita 5.6. Nyembamba ili iweje? Sijapata kumsikia mtu wa Goma akilalamika kwamba simu yake ni nene. Ninayoyasikia ni betri, kioo, na mega za intaneti zinazoisha kabla ya siku yake.

Kuna wakati serikali yetu ilijaribu kupima kwa fedha tofauti ya simu ya zamani na ya kisasa. Kuanzia Septemba 2020 wenye simu walitozwa tozo ya mwaka iliyoitwa RAM: takriban dola 1 kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Ilikatwa kidogo kidogo kwenye inite, yaani salio la simu, watu wakapiga kelele, bungeni wakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Nami nililaani kama wengine. Lakini kama uchambuzi haikuwa kazi mbaya sana: kwa hesabu ya Kinshasa, mapinduzi yote ya simu ya kisasa yalikuwa na thamani ya dola 6 kwa mwaka.

Nikitaka kuonyesha jinsi neno hili linavyodanganya, sihitaji simu. Nachukua magurudumu mawili.

Desemba 2001, Marekani, mvumbuzi Dean Kamen alionyesha Segway, chombo cha kusimama juu yake, magurudumu mawili ubavu kwa ubavu, kompyuta na vihisio vikikizuia kisianguke. Hata kabla hakijaonekana, minong'ono ilizagaa mwaka mzima kuhusu kitu cha siri kitakachofanya miji ijengwe upya. Kamen mwenyewe alisema kitaifanyia gari kile ambacho gari ilikifanyia farasi. Bei ilikuwa karibu dola 5,000. Mwaka 2020 kiwanda kilipoacha kukitengeneza, vilikuwa vimeuzwa kama 140,000 tu tangu mwanzo, na waliovipenda zaidi walikuwa walinzi wa majengo makubwa na watalii waliochoka kutembea. Farasi wangecheka.

Sisi tunayo chukudu. Mbao za mkaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi, usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe, na mahali pa goti pamebandikwa kandambili kuukuu ili dereva asichubuke. Hakuna kompyuta inayoizuia isianguke. Kinachoizuia ni mtu. Hushuka kutoka Kibumba na viazi, kabichi na magunia ya makala (ya kupikia, si haya unayosoma), mamia ya kilo kwa safari moja, ikila mteremko wa Nyiragongo badala ya kula mafuta. Imeonekana kwetu tangu miaka ya 1970 na umbo lake halijabadilika kiasi cha mzee wa wakati ule kushindwa kulitambua. Ukiipeleka kwenye maonyesho ya teknolojia wataiweka kwenye chumba cha utamaduni, karibu na ngoma. Sasa uliza swali letu. Chukudu ilimpindua nani? Mwenye lori. Mkulima aliyekuwa anakaa kando ya barabara na magunia yake, akingoja gari na bei ya mwenye gari, alipata njia ya kuingia mjini kwa miguu yake na mbao zake. Mji uliijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Sanamu ya Segway sijaiona popote.

Siitukuzi. Anayeisukuma tupu kurudi Kibumba, kilomita baada ya kilomita ya kupanda, hana muda wa kusoma sifa zake, na siku hizi pikipiki za magurudumu matatu zinamkalia kooni. Nao huo ni upinduzi, na safari hii anayekwenda chini ni yeye.

Hapa lakini lazima nijipinge, kwa kuwa kipimo changu kina tundu. Kinapenda mambo yenye kishindo. Kuna vitu ambavyo havikuwahi kuwa na siku yao.

Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa Sony. Tangu hapo hakuna asubuhi hata moja ambayo mtu angeweza kuamka na kusema, leo betri imegeuza dunia. Kila mwaka ilipungua bei kidogo, ikabeba umeme zaidi kidogo. Watafiti waliofuata bei hiyo kwa karibu miaka 30 walikuta imeshuka kwa takriban asilimia 97. Tuzo ya Nobel ya kemia iliwafikia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino mwaka 2019, zaidi ya robo karne baada ya bidhaa kuingia dukani. Taa za LED zilikwenda kwa mwendo huohuo, na paneli za jua pia. Ukiziweka pamoja unapata nyumba ya Ndosho yenye kipande kimoja cha kioo cheusi juu ya bati, watoto wanasoma usiku, na mama mwenye nyumba anachaji simu za majirani kwa franka chache. Muuza petroli ya taa wa mtaa wangu sasa anauza mchele. Amepinduliwa, ila polepole, kiasi kwamba hata yeye hawezi kukutajia mwaka. Chapati nayo, ukiiangalia vizuri, hukaa muda mrefu ikiiva upande mmoja kabla ya mkono kuigeuza.

Kwa hiyo siwezi kuidharau simu ya yule kijana kwa sababu tu imesogea hatua ndogo. Hatua ndogo zimefanya kazi kubwa. Ninachotazama ni zinaelekea wapi. Hatua za betri, za LED na za paneli zilikuwa zinashuka kuja kwetu: kila mwaka vitu vilevile vikimfikia mtu aliyekuwa hana. Hatua za simu za kifahari zinapanda: kila mwaka aliyekuwa na kamera tatu anapewa ya nne. Yote mawili mauzo yanayaita maendeleo, na kwenye bango yanaandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja.

Msomaji wa Goma amengoja kwa subira nifike kwenye kolta, mawe yanayotoa tantalumu. Nimefika, na sitakaa, maana tumeshalia sana na machozi hayajawahi kupandisha bei ya kilo. Rubaya, kule Masisi, hutajwa kuwa inatoa karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia. Madini hayo hutunza umeme mwingi ndani ya kipande kidogo kama punje ya mchele, na yalisaidia simu kupungua kutoka ukubwa wa tofali hadi wa kiganja. Tangu homa ya kolta ya mwaka 2000 mpaka leo simu zimebadilika vizazi kwa vizazi. Mashimo ya Rubaya bado ni koleo, nyundo, kamba na mgongo, na mvua kubwa ikinyesha udongo bado unashuka juu ya watu. Toleo jipya la shimo halijatoka. Vitu viwili tu vimeboreshwa kule chini: taa ya kichwani, ambayo ni LED, na simu ya tochi mfukoni, ambayo mchimbaji anaitumia kuulizia bei ya mjini kabla hajadanganywa na mnunuzi. Vyote viwili ni vya bei rahisi, na hakuna kati yake kilichopigiwa makofi jukwaani.

Mapinduzi haya ya bei rahisi nayo yana deni lake, na Goma tulilipa mwaka jana wa 2025. Mwishoni mwa Januari, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifunga milango, na mishahara na akiba za watu zikabaki upande wa ndani. Kwa mwezi wa kwanza nilijisifu kimoyomoyo kwamba nadharia yangu imethibitika: mji wa watu wengi kiasi hiki ukaendelea kununua unga kwa simu. Kisha noti zikaadimika. Ulikuwa na dola kwenye simu, unaziona, zinang'aa, na ili uzishike mkononi ilibidi umwombe wakala wa pesa za simu aliyekaa chini ya mwavuli, naye akakutajia asilimia ambayo haikuandikwa kwenye bango lolote. Ukikataa, anaangalia pembeni, anamwita aliye nyuma yako. Nilisimama kwenye foleni ile siku moja, nikatazama jinsi anavyoandika majina kwenye daftari la kurasa za mraba, na nikamtambua. Alikuwa mwenye fonia. Amerudi, benchi tu hakurudi nalo.

Ndiyo maana siku hizi naogopa kusema kifaa kimemwondoa mtu mlangoni. Mara nyingi kinamhamishia mlango mwingine, na kwa muda fulani, pengine miaka 10, tunapita bure kabla hajaupata.

Ibaki hiyo "akili ndani". Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kila kitu kinachouzwa kinasemekana kina akili, hadi pasi. Baadhi ya vitu hivyo vimekwisha kufa. Kampuni ya Humane ilitoa mwaka 2024 kidude cha kubandika kifuani, dola 699 na ada ya kila mwezi juu yake, kikiahidi kuzika simu. Mwishoni mwa Februari 2025 kilizimwa moja kwa moja na mali za kampuni zikachukuliwa na HP kwa dola milioni 116. Simu ikahudhuria mazishi yake. Kwa hiyo nilikuwa na dharau ya kutosha. Lakini nilitaka kutenda haki, nikatafuta mlango ulio mgumu kuliko yote hapa kwetu ili nione kama akili hiyo inaweza kuusukuma.

Mlango huo ni Kifaransa. Hati ya kiwanja, wito wa mahakama, karatasi ya hospitali, barua ya shule, vyote vimeandikwa Kifaransa, na watu wengi wa mji huu hupenda, hugombana na huota ndoto kwa Kiswahili. Katikati amekaa mwenye Kifaransa: mtoto aliyefika sekondari, karani aliyestaafu, mjomba fulani. Mara anasoma vizuri. Mara anasoma kile anachotaka kisikike. Mara anataka kwanza koo lilowe.

Mama jirani yangu huniletea mimi. Jumamosi alikuja na karatasi ya kiwanja chake, imekunjwa mara nne. "Papa, unisomee tena, mbona safari ile mutoto alinisomea ingine?" Badala ya kusoma nikaipiga picha, kwa simu yangu hiihii ya ufa. Hilo nililiona baadaye nikatabasamu: hiyo akili haikuwa ndani ya simu hata kidogo, inakaa kwenye kompyuta za mbali, na ilikubali kuja kwenye simu ya miaka mitano sawasawa na ambavyo ingekuja kwenye ile ya Birere. Nikaomba ielezewe kwa Kiswahili, nikaiwasha sauti. Ikaanza: mhusika anatakiwa kuwasilisha vielelezo vya umiliki katika ofisi husika. Mama akanitazama. "Sasa hii inasema Kiswahili ya wapi?" Nikamwambia vielelezo ni makaratasi ya kuonyesha. Nikaiomba iseme kwa maneno mepesi kama anaongea na mtu wa Goma, na safari hii ilikaribia, ingawa ilikuwa kama mgeni anayejitahidi mezani. Nikalinganisha na Kifaransa chenyewe mstari kwa mstari. Maana ilikuwa sawa. Tarehe moja ilikosewa: mhuri ulikuwa umefifia, ikasoma 6 mahali pa 8. Kama nisingekuwepo, mama angekwenda ofisini siku mbili kabla, akangoja bure, akarudi akiamini amefukuzwa.

Kwa hiyo bado nimekaa mlangoni, nimemwambia hivyo. Hakunisikiliza. Aliuliza kama sauti ile inachoka. Nikasema haichoki, mega ndizo zinachoka. Akaniambia ningoje, akaingia nyumbani kwake, akakaa huko muda, na akarudi na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi, mengine yamekuwa ya njano, akautua kwenye meza katikati yetu na kuvuta kiti.